Neno "Chifu" katika Uluguru

Waingereza walipotunga sheria ya kutawala kwa njia ya wenyeji, mwaka 1926, walitafuta kila mahali mtu wa kuitwa chifu, nao walimtakia sifa za kwao: awe na nguvu, aamrishe, atiiwe. Huko Uluguru vazi hilo halikumwenea mtu. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kwa ajili ya mvua; ardhi ilikuwa mikononi mwa wakuu wa koo, tena koo za upande wa mama. Amri za matuta zilipopitishwa kwa kinywa cha machifu, watu walizikataa, hata mwaka 1955 ikawa ghasia. Twaona kosa lilianza katika neno. Uchifu uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, lakini darasani tungali twafasiri chifu na kiongozi kana kwamba ni mamoja.