Jina Lililokatwa

Jalada la sidii ni jambo dogo, na mambo madogo aghalabu hayahakikiwi. Nitalihakiki moja nililolinunua Likoni, hatua chache kutoka kivukoni, siku zile ambapo taarabu iliuzwa mezani, kabla haijahamia simuni.

Mbele kuna sura ya mwimbaji, na nyuma yake bahari na mnazi. Herufi ni za manjano, kubwa kama za kibao cha duka. Wapo watakaozicheka, mimi sizicheki. Jalada hili lilikusudiwa kuonwa na mtu anayekimbilia feri, nalo lilionwa, maana mimi mwenyewe nilisimama. Nambari ya simu imeandikwa mara mbili, na hilo pia si kosa, kwani riziki ya mwimbaji ilikuwa arusini.

Kosa liko chini, pembeni kulia. Pameandikwa “Mashairi ya”, kisha herufi mbili, “Mw”, kisha karatasi imekwisha. Jina limekwenda na kisu cha mpiga chapa.

Karatasi ya mbele ya kasha la sidii hukatwa milimita 120 kila upande. Kwa kuwa kisu huweza kusogea kidogo, mchoraji stadi huipitisha picha milimita 3 nje ya mpaka, ili ukingo mweupe usitokeze, na maneno huyarudisha ndani kiasi hichohicho au zaidi. Mchoraji wetu aliyajua hayo. Bahari aliipitisha mpaka vizuri kabisa. Jina aliliacha ukingoni.

Naam, huenda alikuwa na haraka. Lakini haraka hiyo ilifuata desturi: kwanza sura, halafu simu, na mtunzi nafasi ikibaki. Katika taarabu ya Mombasa desturi hii ina dhuluma, kwa sababu mwimbaji na mshairi mara nyingi ni watu wawili. Marehemu Zein l'Abdin aliimba mashairi ya marehemu Ahmed Sheikh Nabhany. Asiyeambiwa hudhani kila neno latoka kwa mpiga udi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mtunzi haki ya kutambuliwa, lakini sheria haimshikii mchoraji rula.

Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa sidii ya Zein, “Mtindo wa Mombasa”, pamoja na maelezo yaliyochapwa. Yauma kidogo kwamba uangalifu huo ulitoka mbali.

Nyimbo za jalada langu bado zaimbwa Likoni. Nimewauliza wanaozijua, wote humtaja mwimbaji. Nami nimebaki na “Mw”. Pengine ni Mwinyi, pengine ni Mwanaisha. Hata kama mshairi alikuwa mwanamume au mwanamke, siwezi kusema.