Kodi Isiyotaka Kulia

Wiki ya tatu hii ncha za vidole zinaniwaka moto, na wa kulaumiwa ni wimbo mmoja: Iron Man wa Black Sabbath, kundi la vijana wa Birmingham, Uingereza, uliomo katika albamu yao Paranoid ya mwaka 1970. Najifunza kuupiga kwa gita la kuazima. Mwenye gita ni mzee wa mtaani kwetu, aliyewahi kupiga rithim kwenye bendi ya dansi. Alinisikiliza kidogo tu, akauliza, "Mwanangu, hiyo kodi mbona umeila nusu?"

Kweli imeliwa. (Kodi hapa sio ya nyumba, jamani, ingawa hiyo nayo nadaiwa.) Kodi kamili ina noti tatu: ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya tatu ndiyo huamua kodi icheke au ilie. Hizi za roki, wenyewe wanaziita pawa kodi, zimeitupa. Kidole cha shahada uzi mnene kabisa, freti ya saba. Cha pete uzi unaofuata, freti ya tisa. Basi. Haicheki, hailii. Na kwa amplifaya inayokwaruza, noti ya tatu ingetibua kila kitu. Hizi mbili zinasimama kama ukuta.

Mzee kakulia kwenye dansi, ambako gita mbili hutembea bega kwa bega, noti ya kwanza na ya tatu, na utamu wote uko hapo. Kwake huu ni uvivu. Nikamwambia habari za Tony Iommi, mpigaji mwenyewe: akiwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kubonyeza nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaendelea. Mzee akaguna tu.

Kasoro ya wimbo mimi naiona kwingine. Ozzy Osbourne anaimba akilifuata gita noti kwa noti. Gita limeshasema, yeye anarudia. Wapenzi wa roki mnisamehe.

Lakini sikiliza kodi ya pili, freti ya kumi. Imesimama juu ya noti ileile ambayo, ingewekwa kwenye kodi ya kwanza, ingeiliza. Yaani huzuni imo, ila hatukuambiwa; tumeifikia kwa miguu. Niliposhtukia hilo, usiku, niliweka gita chini nikafungua daftari la riwaya yangu. Sura ya kwanza, mama anamzika mwanawe. Nikahesabu: "kwa majonzi makubwa" mara sita. Msomaji nimeshamliza kabla jeneza halijatoka ndani!

Mara tano nimefuta. Ya sita inanishinda. Nikiitoa, yule mama anaonekana hana moyo, na sijui bado nimpeleke wapi akitoka pale kaburini.