Mfalme Merikebuni: Jinsi Noble Ilivyopigwa

Noble, sarafu ya dhahabu iliyotolewa na Mfalme Edward III wa Uingereza mwaka 1344, inamwonyesha mfalme amesimama ndani ya merikebu, ameshika upanga na ngao. Wengi huisifu kama mchoro. Kwangu mimi sifa yake kubwa iko katika uungaji.

Picha ilijengwa kwenye uso wa muhuri wa chuma kwa kugongelea vyuma vidogo vyenye ncha za maumbo mbalimbali: mwezi mwandamo, pete, kijiti kilichonyooka, nukta. Herufi nazo zilipatikana vivyo hivyo, kwa kugongelewa. Geuza sarafu uone: katika kila pembe ya msalaba yumo simba mwenye taji juu yake. Fundi hakuhitaji kubuni simba wanne. Alihitaji chuma kimoja kizuri na mkono usiotetereka.

Mihuri ilikuwa miwili. Wa chini ulikuwa na mkia uliochongoka, ukapigiliwa kwenye gogo. Wa juu ulishikwa mkononi na kupokea nyundo moja kwa moja, kwa hiyo ndio uliochakaa mapema. Desturi ya Uingereza ilikuwa kuuweka upande wa mfalme kwenye muhuri wa chini, na hapo naona busara kubwa: merikebu yenye kamba, mlingoti na ngao, kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, ilikingwa na pigo. Kwa kuwa hakuna kilichoifunga mihuri hiyo pamoja, msalaba wa nyuma unaweza kuelekea upande wowote.

Dhahabu yenyewe ilikuwa karibu safi, takribani asilimia 99.5. Ni laini, hivyo ilipokea hata mistari myembamba. Lakini ulaini huo pia uliwarahisishia kazi wezi waliokata kingo. Maneno ya Injili ya Luka, pale Yesu anapopita katikati ya watu wa Nazareti waliotaka kumtupa mlimani, yamezunguka ukingo, na mkasi ukipita, herufi zinapungua mbele ya macho ya mpokeaji. Uzito wenyewe ulipunguzwa na serikali, hadi gramu 7.8 hivi mwaka 1351, ingawa thamani ilibaki peni 80.

Nusu ya noble ilibaki na merikebu. Kwenye robo nafasi haikutosha: mfalme na chombo chake wakaondolewa, ikaachwa ngao peke yake.