Mfupa wa Ishango: Je, Ni Hesabu ya Mwezi?

Mto Semliki, upitao si mbali na kwetu Kamango, watoka katika Ziwa Edward mahali paitwapo Ishango. Hapo ndipo Mbelgiji Jean de Heinzelin alipochimbua, mwaka 1950, mfupa mdogo wa sentimeta 10 hivi, wenye kijiwe kilichopachikwa nchani na chale nyingi zilizokatwa kwa mistari mitatu. Sasa umehifadhiwa Brussels. Kwanza ulidhaniwa una miaka isiyofika 12,000. Vipimo vya baadaye vyasema kama 20,000.

De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Kisha Mwamerika Alexander Marshack akautazama kwa hadubini, akatangaza kwamba ni kalenda: kila chale ni siku moja ya mwezi, na zote ni karibu miezi sita. Neno hili limependwa na wengi. Nani asiyefurahi kusikia kwamba mtu wa mto wetu alihesabu mbingu kabla ya Babeli? Hebu, wasomaji, tuhesabu wenyewe.

Mstari mmoja una mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Mwingine una 11, 21, 19 na 9, tena 60. Wa tatu una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, ndizo 48. Mwezi una siku ishirini na tisa na nusu. Miezi miwili ni siku 59. Hapo Marshack ana nguvu. Lakini 48? Haifiki mwezi mwandamo, wala haikomi kwenye mwezi mpevu. Na mtu aandikaye usiku kwa usiku, mbona akate 11, kisha 21, kisha 19? Mwezi hauna kituo siku ya 11 wala ya 32. Ukiruhusiwa kuanza siku yoyote upendayo, na kusamehe siku moja hapa na mbili pale, utauona mwezi hata katika meno ya kitana.

Hatusemi kwamba watu wa Ishango hawakuujua mwezi. Walikuwa wavuvi, waliacha vyusa vya mifupa. Na mvuvi gani asiyeujua? Wavuvi wa Tanganyika huacha kuvua kwa taa wakati wa mbalamwezi. Hata Pasaka yetu yafuata mwezi mpevu. Tunalokataa ni kwamba mfupa huu ndio ushahidi. Mwalimu akilifundisha kama jambo lililokwisha, na mwanafunzi akahesabu mwenyewe akakuta 48, atadhani amedanganywa hata katika yale ya kweli.

Wanaosifu 11, 13, 17 na 19 kuwa namba tasa nao hawatushawishi. Kuzijua hizo kwahitaji kwanza kujua kugawanya, na mfupa hauonyeshi kugawanya. Lakini 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5 zimekaa jirani. Ni vigumu kuliita hilo bahati, ingawa 5 na 7 za mwisho zimebaki bila mwenzi. Hapo twamwelekea de Heinzelin.

Wapo pia wasemao chale ni za kushikia tu, mkono usiteleze. Hao twawauliza: mbona basi zimekatwa mafungu mafungu, na nafasi kati yake?