Nani Aliliinua Lile Chuma?

Wakute mashabiki wa katuni za mashujaa wanabishana, utasikia sentensi hii ikijirudia: "Stori kali, michoro nayo iko poa." Kana kwamba stori ndiyo wali na michoro ni kachumbari ya pembeni. Inanikera, na sababu yangu ni kurasa tano za mwanzo za The Amazing Spider-Man, toleo la 33, Februari 1966.

Kisa chenyewe ni kifupi. Shangazi May yuko hospitali, mahututi. Dawa yake iko pale sakafuni, karibu kabisa na Peter Parker, ila Peter kalaliwa na mtambo mkubwa wa chuma ndani ya maficho ya Doctor Octopus, chini ya maji, na maji yameanza kupenya. Basi. Msimulie mtu kwa mdomo, nusu dakika umemaliza, naye atakuuliza: halafu?

Sasa tazama alichofanya mchoraji, Steve Ditko. Hana haraka hata kidogo. Analirudia lile chuma kisanduku baada ya kisanduku, kijana kajikunja chini yake, uzito wote mgongoni. Anajaribu, anashindwa. Sura za Shangazi May na Mjomba Ben zinamjia. Anajaribu tena. Halafu visanduku vyenyewe vinaanza kukua. Mgongo ukinyooka kidogo, nafasi nayo inapanuka, mpaka unafika ukurasa ambao picha moja imeujaza wote: chuma kiko juu, Peter yuko wima. Hapo msomaji unashusha pumzi uliyokuwa umeibana bila kujua. Pumzi hiyo haimo kwenye maneno. Imepangwa kwa ukubwa wa visanduku.

Ziba viputo vya maneno kwa kidole uone. Kisa hakipotei. Ukifanya kinyume, ukayasoma maneno peke yake, unabaki na mtu anayejihimiza kwa sauti huku kabeba mzigo, na anasema mengi mno kwa mtu aliyebanwa kifua.

Simbezi Stan Lee. Utani wa Peter, ile sauti ya kijana anayejicheka huku mambo yanamwendea kombo, ni kazi yake na bila hiyo tusingempenda. Lakini utaratibu wa Marvel ulikuwa mchoraji anachora kwanza, maneno yanafuata, na kufikia wakati huo wawili hawa walikuwa hawasemezani. Ditko alikuwa anabuni kisa mwenyewe, na kuanzia 1965 hata toleo lilimtaja hivyo. Kwa hiyo anayesema "stori ya Stan Lee, michoro ya Ditko" anamnyang'anya mtu nusu ya kazi yake, tena nusu iliyo kubwa.

Filamu ya Spider-Man: Homecoming ya 2017 iliirudia picha hii: kijana chini ya kifusi, analia kuomba msaada. Tom Holland anaigiza vizuri, sikatai. Ila pale hakuna dawa iliyo karibu isiyofikika, hakuna mgonjwa anayesubiri, na kamera haikai. Inahama, inakata, muziki unakuja kukuambia ujisikie vipi. Ditko alikuwa na karatasi tu, akakuacha ukae chini ya lile chuma kwa muda wako mwenyewe. Matoleo matano baadaye, mwaka huohuo wa 1966, akaondoka.