Damu ya Mtoto Inaweza Kusema Nini Kuhusu Nimonia

Mtoto mwenye kikohozi akifikishwa kituo cha afya jijini Kampala, mhudumu huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Njia hii imeokoa watoto wengi, lakini haielezi kinachowafanya wahemee juujuu.

Mtafiti Dkt. Rebecca Nantanda na wenzake walitafuta sababu hizo katika Hospitali ya Mulago jijini humo. Walichunguza watoto 614 wa chini ya miaka mitano wenye matatizo ya kupumua, wakaunganisha historia ya ugonjwa, uchunguzi wa mwili, vipimo vya damu na eksirei. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa asilimia 41.2 walikuwa na pumu au bronkiolaitisi, yaani uvimbe wa njia ndogo za hewa. Nimonia ya bakteria ilikuwa asilimia 27.2 tu, na ya virusi 26.5. Hata hivyo, wengi wa wale wenye pumu walikuwa wameandikiwa antibayotiki.

Ugumu wa kutambua nimonia ya bakteria uko hapa: mtoto mdogo humeza makohozi, na damu ikioteshwa maabara mara nyingi hakioti kitu hata bakteria wakiwa mapafuni. Ndiyo maana watafiti hutafuta viashiria vya mwitikio wa mwili. CRP ni protini inayotengenezwa na ini; huanza kupanda saa chache baada ya maambukizi na kufika kilele baada ya siku mbili hivi. Bakteria kwa kawaida huipandisha kuliko virusi. Kiashiria kingine, prokalsitonini, hufuata mkondo huohuo. Lakini malaria nayo huzipandisha zote mbili, na Uganda malaria haiko mbali. Kiwango cha CRP kilichowekwa Ulaya hakiwezi kuletwa hapa kama kilivyo.

Utafiti wa Jinja, mji mwingine wa Uganda, uliochapishwa 2021 ulibadili swali. Badala ya kuuliza ni kijidudu gani, uliuliza ni mtoto gani yuko hatarini kufa. Katika damu ya watoto 2,502 wenye homa, kiashiria kilichobashiri vifo vizuri zaidi ni sTREM-1, kipande cha protini kinachoachiliwa na chembe nyeupe zikishtuliwa na maambukizi.

Kwa kuwa malaria nayo huipandisha, CRP peke yake isitumike kuamua kumpa au kumnyima mtoto antibayotiki. Isomwe pamoja na kipimo cha malaria na hali ya mtoto mwenyewe. Na wakati vipimo vipya kama cha sTREM-1 vikisubiriwa, mhudumu asikilize kifua: kikitoa mlio wa filimbi na mtoto hana dalili za hatari, ampe salbutamoli ya kuvuta, kisha ahesabu pumzi upya kabla ya kuandika nimonia.