Kanisa Kuu la Emmanuel, Durban: Vioo vya Nani, Kumbukumbu ya Nani?



Wengi wetu tuishio ughaibuni tumekwisha kuingia katika makanisa makuu ya kale ya Ulaya, iwe Köln, Paris au Canterbury. Tunaingia, tunainua shingo kutazama dari, tunapiga picha mbili tatu, kisha tunatoka kutafuta chai. Safari hii tunapenda kulitazama kanisa la mtindo huo huo ambalo haliko Ulaya, bali liko Durban, Afrika Kusini. Nalo ni Kanisa Kuu la Emmanuel, la Wakatoliki. Tutalihakiki kama tunavyohakiki riwaya au diwani, kwa kuwa jengo nalo lina watunzi wake, lina yale liliyoamua kuyasema, na lina yale liliyoyanyamazia.

Hoja yetu ni moja. Kanisa hili husifiwa kwa mtindo wake, wakati mtindo si jambo bora kabisa lililomo. Ubora wake uko mahali liliposimama na katika matendo yaliyofanywa chini ya paa lake. Upungufu wake uko katika kumbukumbu iliyotiwa kwenye vioo vyake, na upungufu huo unatugusa sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja.

Tuanze na mtindo. Kanisa la Emmanuel lilijengwa kati ya mwaka 1902 na 1904, kwa mtindo unaoitwa wa Kigothi. Mtindo huo ulizaliwa Ufaransa katika karne ya 12, katika kanisa la Saint-Denis karibu na Paris. Siri yake ni tao lililochongoka. Tao la duara husukuma uzito wa paa pembeni, na ukuta hauna budi kuwa mnene ili uuhimili. Tao lililochongoka hupeleka sehemu kubwa zaidi ya uzito huo chini, ndipo ukuta unapoweza kuwa mwembamba, jengo likapanda juu, na madirisha yakawa makubwa. Kwa hiyo dirisha ndio moyo wa kanisa la Kigothi. Kulihakiki bila kutazama vioo vyake ni sawa na kuhakiki shairi la kimapokeo bila kutazama vina.

Mgeni wa kwetu asidhani kwamba tao hili ni geni machoni pake. Wasanifu wa Kiislamu walilitumia zamani kabla ya Saint-Denis, na Msikiti wa Ibn Tulun mjini Kairo, uliokamilika mwaka 879, umejaa matao ya namna hiyo. Kwetu pwani, nenda Gedi karibu na Malindi, au Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, utayaona yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mtu wa Lamu au Unguja anaposimama mbele ya kanisa la Kigothi hana sababu ya kujiona mgeni wa kukaribishwa mlangoni. Umbo lile analijua.

Lakini kama kazi ya Kigothi, tuseme kweli, Emmanuel ni kazi ya wastani. Ni nakala iliyokuja karne zaidi ya saba baada ya asili yake, iliyoletwa na wamisionari waliotaka kanisa linalofanana na ya kwao. Aliyekwisha kuona Chartres hatapigwa na butwaa hapa. Makala za watalii zinazolipamba kanisa hili kwa maneno kama "fahari" na "adhimu" hazilitendei haki, kwani humfanya msomaji atafute ukubwa usiokuwepo, na akiukosa hujiondokea bila kuuliza swali la maana.

Swali la maana ni hili: ndani ya vioo vile anakumbukwa nani?

Kuna vioo vya rangi vilivyotolewa zawadi na Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, aliyekuwa Kaizari wa Ufaransa. Alivitoa kwa ukumbusho wa mwanawe wa pekee, Louis Napoléon. Kijana huyo alikuwa uhamishoni Uingereza pamoja na wazazi wake tangu baba alipopoteza kiti. Mwaka 1879 Waingereza walipouvamia ufalme wa Wazulu wa Cetshwayo, aliomba kwenda vitani pamoja nao. Tarehe 1 Juni mwaka huo, akiwa katika msafara mdogo wa upelelezi, alishambuliwa na mashujaa wa Kizulu na kuuawa. Alikuwa na umri wa miaka 23. Mwaka uliofuata mama yake alisafiri hadi Natal na kwenda kupaona mahali alipoanguka mwanawe.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hatuna neno baya la kusema juu ya mama aliyevuka bahari kwenda kuulilia mchanga. Lakini mhakiki hana budi kutofautisha machozi ya mama na kazi inayofanywa na kioo ukutani. Kioo kile kinamwombolezea kijana aliyeingia katika nchi ya watu pamoja na jeshi la uvamizi. Waliomuua walikuwa wanailinda nchi yao, na wengi mno miongoni mwao walikufa katika vita hivyo. Nao walikuwa na mama zao. Tofauti ni kwamba mama mmoja alikuwa na uwezo wa kulipia kioo.

Hapo ndipo habari inapofika kwetu. Miaka sita kabla ya kifo cha mwanamfalme huyo, mwezi Agosti 1873, meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Briton iliwashusha Durban watu zaidi ya mia moja waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Hadi mwaka 1880 walikuwa wameletwa mia kadhaa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini mjini Durban wakaitwa "Wazanzibari". Waliambiwa wako huru, kisha wakafungwa mikataba ya kuwafanyia kazi mabwana wa koloni. Waliokuwa Waislamu walishikwa mkono na Waislamu wenye asili ya India, na jamii yao ikakaa mahali paitwapo King's Rest, upande wa Bluff, ng'ambo ya bandari, kwenye ardhi iliyonunuliwa na wadhamini Waislamu. Wengine walichukuliwa na wamisionari Wakatoliki, waliowafungulia misheni huko huko Bluff. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi, iliyokuwa imewaandikisha kuwa "Waasia wengineo", iliwahamisha kwa nguvu na kuwapeleka Chatsworth.

Ukumbuke pia kwamba mwaka huo huo wa 1873 ndio soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana la Mkunazini, juu ya kiwanja cha soko lenyewe, chini ya uongozi wa Edward Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili. Basi historia moja ina ncha mbili. Ncha moja iko Mkunazini, ambako soko liligeuzwa kanisa. Ncha ya pili iko Durban, ambako waliokusudiwa kuuzwa walishushwa pwani na kuanza maisha.

Tukiyalinganisha makanisa haya mawili, Mkunazini linashinda kwa jambo moja kubwa. Halimwachi mgeni atoke bila kujua amesimama wapi. Ndani, habari za watumwa zinasimuliwa, na nje kuna sanamu za watumwa waliosimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Sanamu zile zilichelewa zaidi ya miaka mia moja, lakini zilikuja. Hapo tunajifunza kwamba kanisa la mawe halifungwi milele na kumbukumbu ya waliolijenga. Jengo huweza kuongezewa sura mpya, kama kitabu kinavyotolewa chapa ya pili.

Je, Emmanuel limeongezewa sura? Tunasema ndiyo, na hapa ndipo sifa zake za kweli zilipo.

Kwanza, tazama jirani zake. Kanisa hili halina uwanja wa majani wa kulitenga na watu. Hatua chache tu kutoka kwake uko Msikiti wa Juma wa mtaa wa Grey, ambao leo huitwa Dr Yusuf Dadoo, na kati yao kuna kichochoro cha maduka kiitwacho Madressa Arcade. Kando yake kuna soko la Victoria Street, na pale Warwick kuna wachuuzi, wauza dawa za mitishamba na magari ya abiria ya kila upande, makondakta wakiita kama walivyo wa matatu na daladala. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe, ambako adhana na kengele hukutana juu ya mapaa, atajikuta nyumbani. Hakuna msanifu aliyechora ujirani huu, nao unapendeza kuliko tao lolote lililomo ndani.

Pili, kuna Denis Hurley, Askofu Mkuu wa Durban kuanzia 1951 hadi 1992, aliyepinga ubaguzi wa rangi waziwazi hadi akashtakiwa mahakamani mwaka 1984 kwa kusema juu ya ukatili wa askari nchini Namibia. Mashtaka hayo yalianguka mwaka uliofuata. Alipostaafu hakwenda kupumzika, bali alikuja kuwa paroko katika kanisa hili hili. Alifariki mwaka 2004 na kuzikwa humo ndani. Mwaka 2015 kilifunguliwa jirani na kanisa kituo chenye jina lake, kinachowahudumia wasio na makazi na wakimbizi kwa chakula na matibabu. Miongoni mwa wakimbizi wa Durban wamo ndugu zetu wengi kutoka Kongo ya mashariki na Burundi, na Kiswahili chao husikika mitaani humo. Zaidi ya karne moja baada ya "Wazanzibari" wa kwanza kushushwa bandarini, watu wa upande wetu bado wanafika Durban wakiwa hawana kitu, na bado kuna mlango katika mtaa ule wa kubisha.

Atatokea wa kutuambia kwamba zawadi ni zawadi, na kwamba kioo kizuri ni kizuri tu. Tunamjibu kwamba hatutaki kioo kivunjwe. Kibaki, tena kitazamwe kwa makini, maana ni ushahidi wa nani alihesabiwa kuwa mtu wa kuombolezwa katika zama zile. Tunachotaka ni usomaji ulio kamili. Anayemwongoza mgeni humo na kumtajia mwanamfalme wa Ufaransa, amtajie pia Wazulu waliokufa mwaka huo wa 1879. Kisha amwonyeshe upande wa bandari na kumwambia kwamba kule Bluff walishi watu waliotoka pwani ya Waswahili, wengine wakisali misa na wengine wakielekea kibla.

Na sisi wenyewe, tunaosambaa duniani na watoto wetu, tuyasome majengo tunayoyapiga picha. Tuwaulize watoto swali dogo kila wanapoinua macho kutazama kioo cha rangi: ni nani huyu aliyewekwa juu, na ni nani aliyeachwa nje? Ukipita Durban, ingia Emmanuel, kisha uvuke kichochoro ukaone na msikiti. Usiharakishe kutoka.